Lango la kiini cha seli lina neno juu ya jeni zako

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa jikoni kwa dada yangu, mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Unga wa mahamri ulikuwa umeumuka usiku kucha hadi ukainua kitambaa kilichoufunika. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa mezani na kitabu cha baiolojia, akaniwekea kidole kwenye mchoro wa seli.

"Mjomba, haya mapengo kwenye kiini ni ya nini? Wameandika tu kwamba vitu hupita. Vitu gani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa mimi: protini huingia, RNA hutoka. Akatosheka. Mimi ndiye sikutosheka, kwa sababu jibu hilo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo tamu zaidi. Yale mapengo yamejengwa kwa protini ambazo, mbali na kupitisha wageni, zina mkono katika kuamua jeni ipi isomwe, isomwe lini na kwa kasi gani. Haya ninayoandika ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa siku ile, na mfano bora kuliko yote ulikuwa pale pale mezani, ndani ya bakuli la unga.

Ukuta na geti lake

Ndani ya kiini cha seli yako kuna DNA ambayo ukiinyoosha hufika karibu mita 2, nayo imekunjwakunjwa ikaenea kwenye chumba chenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Humo mna jeni kama 20,000 zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa.

Kusomwa kwa jeni kuna hatua mbili. Kwanza jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, kisha nakala hiyo husafiri hadi kwenye ribosomu, ambako protini hutengenezwa kwa kuifuata. Bakteria hawana kiini, kwa hiyo kwao nakala huanza kufanyiwa kazi kabla hata haijamalizika kuandikwa. Sisi, pamoja na miti, uyoga na hamira, tuna ukuta katikati. Nakala ikishaandikwa ndani lazima itoke nje, na njia yake ni yale matundu.

Matundu hayo yalionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1950, H. G. Callan na S. G. Tomlin walipochunguza utando wa kiini cha mayai ya amfibia. Tangu hapo tumejua kuwa neno "tundu" linapunja. Kila moja ni jengo la protini zipatazo 1,000, za aina 30 hivi, zilizopangwa kwa mafungu manane kuzunguka njia ya katikati, kama mbavu nane za mwavuli uliofunguliwa. Upana wake ni takriban nanomita 120. Ukitaka kuyapanga bega kwa bega yakatize unywele mmoja wa kichwani, utahitaji mamia. Seli moja ya binadamu ina maelfu yake.

Protini zinazolijenga huitwa nukleoporini. Wanasayansi huzifupisha kuwa Nup, wakaongeza namba inayotokana na uzito: Nup98, Nup153, Nup210. Theluthi moja hivi ya aina hizo zina mikia mirefu isiyokunjika, inayorudiarudia asidi amino mbili, fenilalanini na glisini. Mikia hiyo hujaza njia ya katikati ikawa kama mlenda. Molekuli ndogo hupenya bila taabu. Inayozidi uzito wa kilodaltoni 40 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hukwama, isipokuwa iwe imeandamana na protini ya kusindikiza inayojua kushikana na ile mikia. Wakazi wa mitaa yenye geti wanaufahamu utaratibu huu: soja hana haja sana na jina lako, anataka kujua unaenda kwa nani na nani amekuleta.

Kutoka kwa RNA ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Bertil Daneholt na wenzake nchini Sweden walifuatilia nakala kubwa mno ya RNA katika tezi za mate za buu wa mdudu Chironomus, jamaa wa mbu. Nakala hiyo hufungwa pamoja na protini zake ikawa kitonge cha nanomita 50. Kitonge kikifika mdomoni mwa tundu hakisukumwi kikapita kizima. Hujifungua, hujinyoosha, kisha hutanguliza ncha iliyoandikwa kwanza, kama uzi unaopitishwa kwenye sindano. Upande wa pili ribosomu huidaka ncha hiyo na kuanza kuisoma huku mkia wake ungali ndani ya kiini. Nimeziona picha zake mara nyingi, na bado kila nikizitazama huwa nasimama.

Mwaka 2010 David Grünwald na Robert Singer waliipima safari hiyo katika seli za panya. Kwa jumla huchukua kama milisekunde 180. Takriban 80 hutumika mlangoni upande wa ndani, kati ya 5 na 20 njiani, na 80 nyingine mlangoni upande wa nje. Kumbe njia yenyewe si kitu. Karibu muda wote unaliwa milangoni. Na upande wa ndani, mlangoni pale, kuna kikapu cha protini kinachoning'inia kuelekea kwenye DNA. Ndimo zilimo Nup153 na nyingine iitwayo Tpr. Protini za kikapu hicho zinatazamana uso kwa uso na jeni, na hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Mama wa nyanya na hamira

Mwaka 1985 Günter Blobel wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, ambaye mwaka 1999 alikuja kupata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, alitoa wazo la kijasiri. Alisema huenda matundu ya kiini hushikana na jeni maalumu, jeni zile zinazosomwa, ili nakala zao zitokee papo hapo. Wakati huo ushahidi ulikuwa haba.

Anayelijua soko la Wakulima, Marikiti, ataielewa hoja yake mara moja. Alfajiri lori za viazi na kabichi zikishaingia, mama aliyepanga nyanya zake karibu na geti huuza huku wenzake wa kona za ndani bado wanatafuta mkokoteni na kupigania njia kwa "pisha! pisha!" Bidhaa ni ile ile. Mahali iliposimama ndipo panapoleta tofauti.

Aliyeleta ushahidi ni hamira. Ni hamira hii hii, Saccharomyces cerevisiae, iliyokuwa imeinua unga wa dada yangu. Chakula chake kipenzi ni glukosi. Ikikosa glukosi ikapewa galaktosi, ambayo ni moja ya sukari mbili zinazounda sukari ya maziwa, hulazimika kuwasha jeni zilizokuwa zimezimwa, mojawapo ikiitwa GAL1. Kuanzia mwaka 2004 maabara kadhaa zilichunguza jeni hiyo iko wapi ndani ya kiini, nyingine zikaitia alama inayong'aa ili zifuatilie mwendo wake. Ikiwa imezimwa, GAL1 huzurura katikati. Galaktosi inapoingia, huhamia ukingoni na kushikamana na tundu. Mwaka huo huo Jason Brickner na Peter Walter walionyesha kuwa jeni nyingine, INO1, inayohusika na kutengeneza inositoli, nayo huhamia ukingoni inapowashwa.

Kamba inayoivuta inajulikana kwa kiasi kizuri. Kuna protini ndogo, Sus1, iliyo mwanachama wa vikundi viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni SAGA, kinachosaidia kuanzisha kazi ya kunakili jeni. Kingine ni TREX-2, kilichojishikiza kwenye kikapu cha tundu na chenye kazi ya kutoa RNA. Mwandishi na msafirishaji wamefungwa pingu moja.

Lakini lililonishika mimi zaidi ni kumbukumbu. Ukiizima tena INO1, haikimbilii katikati. Hubaki imeshikamana na tundu kwa vizazi kadhaa vya seli, imezimwa lakini iko chonjo, na ikihitajika tena haichelewi. Nukleoporini iitwayo Nup100 ikikosekana, jeni hiyo hurudi ndani na uharaka wake hupotea. Ni kama yule mama aliyemaliza kuuza akaenda zake, ila kreti zake tupu ameziacha pale pale getini. Fikiria maana yake: seli ya hamira inakumbuka shida iliyompata bibi yake, na kumbukumbu yenyewe imetundikwa langoni.

Kwa binadamu, kikundi cha Brickner kilipata jambo la jinsi hiyo mwaka 2013. Seli za HeLa zikiguswa na interferoni gama, ambayo ni ishara ya kinga ya mwili, kisha zikaachwa zipumzike, baadhi ya jeni zake huamka haraka zaidi zikiguswa mara ya pili, hata vizazi vinne baadaye. Ukiondoa Nup98, ambayo ni ndugu wa ile Nup100 ya hamira, uharaka huo hutoweka. (Seli za HeLa zilitolewa kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, mjini Baltimore mwaka 1951, bila ridhaa yake. Kila zinapotajwa, naona ni haki jina lake nalo litajwe.)

Soja anayeingia ndani ya nyumba

Kuna jambo moja ambalo picha ya Marikiti haiwezi kulibeba. Katika seli zile za binadamu, Nup98 haikuzishikia jeni langoni. Ilizifuata ndani.

Tabia hii ilikuwa imeshaonekana kwa nzi wa matunda. Mwaka 2010 vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kingine cha Uholanzi, vilichapisha matokeo yanayofanana: Nup98 na wenzake kadhaa zimeshika jeni zinazosomwa, mbali kabisa na ukingo wa kiini. Zikipunguzwa, jeni hizo husomwa kidogo. Kwa hiyo baadhi ya nukleoporini hazikai langoni daima. Hutoka kwenye jengo, huzunguka, hushika DNA, hurudi. Katika hamira kwa kawaida jeni ndiyo inayolifuata lango. Kwetu sisi na kwa nzi, mara nyingi protini ya lango ndiyo inayoifuata jeni.

Swali la haki linajitokeza hapa, na limewasumbua watafiti kwa miaka. Ukiondoa protini ya lango, usafiri nao unaweza kuvurugika. Ukiona jeni zimebadilika, utajuaje kwamba protini ile ilizigusa yenyewe, na si kwamba mzigo fulani ulikwama nje? Njia ya kale ya kupunguza protini ilichukua siku kadhaa, na ndani ya siku kadhaa mengi huharibika. Sasa kuna mbinu ya kutumia auksini, homoni ya mimea. Protini hutiwa kijialama, na auksini ikimiminwa seli yenyewe huibomoa ndani ya saa chache. Mwaka 2020 mbinu hiyo ilitumika kuondoa Tpr, na mabadiliko katika RNA yalionekana upesi sana, kabla uharibifu mwingine haujapata nafasi, yakihusiana na kile kikundi cha TREX-2. Kwangu mimi ushahidi wa aina hii una uzito kuliko miaka kumi ya vipimo vya pole pole.

Upo mfano mwingine wenye nguvu. Nup210 haipo katika seli changa za misuli ya panya. Hujitokeza seli inapoanza kukomaa. Mwaka 2012 ilionyeshwa kuwa ikizuiwa, seli hizo hazigeuki kuwa misuli, ingawa usafiri wa kuingia na kutoka kiini unaendelea kama kawaida. Lango linapitisha, ila seli haikui.

Nup98 ina upande wake wa giza. Katika baadhi ya saratani za damu, kromosomu mbili hukatika na kuunganishwa vibaya, na nusu ya mbele ya Nup98, ile yenye mikia, ikajikuta imeshonwa kwenye protini nyingine inayoshika DNA. Muungano wa kwanza, kati ya Nup98 na HOXA9, ulitambuliwa mwaka 1996. Leo wenza wanaojulikana wanazidi 30, na baadhi huonekana zaidi kwa watoto wenye lukemia kali. Mikia ile iliyokuwa ikifanya mlenda langoni sasa inafanya matone ya mlenda juu ya jeni, yakikusanya mitambo ya kunakili mahali isipotakiwa. Jeni za utoto wa seli za damu hazizimwi tena, na seli hukataa kukomaa. Ugonjwa huu ni ushahidi mchungu kwamba mikia hiyo inaweza kuwasha jeni.

Mgeni asiyealikwa

Nairobi ina sababu yake ya kujali malango haya. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba wamekuwa wakifanya kazi na wanawake wa Majengo, Pumwani, wanaoishi kwa biashara ya ngono, na ulimwengu ulijifunza mengi kuhusu HIV kutokana na wanawake hao, wakiwemo wachache waliokutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa.

HIV haina maana mpaka iingie ndani ya kiini, kwa sababu hujishona kwenye DNA yetu. Husafiri ndani ya ganda la protini liitwalo kapsidi, lenye umbo la pia, upana wake mkubwa ukifika nanomita 60. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ganda hilo hubomoka nje ya kiini, kwa kuwa tundu lilidhaniwa kuwa jembamba mno. Mwaka 2021 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha maganda mazima yakiwa katikati ya tundu. Ganda lenyewe lina vijishimo usoni ambavyo mikia ya fenilalanini na glisini huingia sawasawa. Virusi vimejifunza kumwambia soja: mimi ni mwenyeji. Nup358 huvipokea upande wa nje, Nup153 upande wa ndani, kisha protini nyingine ya kiini, CPSF6, huvichukua kuvipeleka mbele.

Na huko ndani haviketi popote. HIV hupenda kujishona kwenye jeni zinazosomwa. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jeni inazozipendelea ziko karibu na matundu. Tafiti nyingine za baadaye zikaonyesha kuwa CPSF6 huipeleka ndani zaidi, kwenye maeneo yenye pilikapilika nyingi za unakili. Vyovyote vile, mpangilio wa jeni ambao malango husaidia kuutunza ndio virusi hivi vinautumia kama ramani.

Ile sindano ya lenacapavir, dawa ya kukinga HIV inayochomwa mara mbili kwa mwaka, hukaa katika kijishimo kile kile ambacho Nup153 na CPSF6 hushika. Kijishimo kikishachukuliwa na dawa, mlango wa urafiki umefungwa, na ganda lenyewe huharibika. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yake yakitolewa mwaka 2024, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nilipoisoma namba hiyo nililala nikiiwaza. Nyuma yake kuna watu waliotumia miaka wakichunguza kijishimo kisichoonekana, pengine wakiulizwa nyumbani kazi hiyo itamsaidia nani.

Virusi vya korona navyo vina mbinu hapo hapo langoni: protini yake ORF6 huibana Nup98, na ujumbe wa kinga ukashindwa kupita.

Malango yasiyobadilishwa

Seli inapogawanyika, malango yake hubomolewa na kujengwa upya. Lakini seli nyingi za ubongo hazigawanyiki tena baada ya utotoni. Mwaka 2012 watafiti waliwalisha panya chakula chenye nitrojeni nzito, kisha wakawabadilishia chakula cha kawaida na kusubiri. Mwaka mmoja baadaye, baadhi ya nukleoporini za fremu ya lango katika ubongo zilikuwa zile zile za mwanzo, hazijabadilishwa. Miaka mitatu kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kwamba katika ubongo wa panya wazee malango huanza kuvuja, hata tubulini, protini ambayo mahali pake ni nje ya kiini, ikakutwa imejazana ndani.

Nilimweleza mpwa wangu haya wiki iliyofuata. Mama yetu alikuwa kwenye kochi, sinia ya mchele mapajani, akiuchambua. Kijana akamtazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mjomba, ya shosho ni yale yale ya tangu akiwa mdogo?"

Nikamwambia kwa panya imethibitika hivyo, kwenye sehemu za fremu. Mama akainua uso, akauliza ni kitu gani chake hicho tunachokisema.

"Mageti, shosho," mpwa akamjibu. "Ya kichwani."